Shati la Tata na Sabuni ya Vyombo

Ijumaa, jua bado halijazama. Homa Bay.

Leo joto limetutesa. Tangu asubuhi upepo wa ziwa umekataa kuja, na kufika saa nane mawingu yakaanza kujikusanya juu ya kilima cha Asego, yakinitisha mimi na kamba yangu ya nguo. Naandika haraka. Jua likizama Sabato imeingia na simu naiweka kabatini mpaka kesho jioni, kwa hivyo nina kama nusu saa ya kusema ukweli.

Baba yangu yuko hapa. Sisi ni Wakuria na kwetu baba tunamwita Tata, basi hata hapa nitamwita hivyo. Aliingia jana kutoka Kehancha na begi moja, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na shati jeupe la kuendea kanisani. Moja tu. Nikamuuliza, Tata, wiki mbili zote ni shati moja? Akanijibu kwamba yeye ana mwili mmoja.

Amekuja kuonwa macho. Asubuhi nilipompeleka kliniki alilivaa hilo hilo shati la kanisa, maana kwake daktari ni mtu wa kuheshimiwa kama mchungaji. Tukarudi salama. Kosa likaja mezani, na kosa ni langu, kwa sababu nilipika samaki, ngege wa kukaanga, nikamwagia mchuzi wa nyanya juu, nikamwekea mzee ambaye maisha yake yote samaki amekuwa akimkagua kama askari anayepekua gari. Alivuta mwiba, kipande kikamponyoka, mafuta yote yakashuka kifuani.

"Yawa!" mume wangu akasema. Yeye ni Mjaluo wa Ndhiwa na samaki hajawahi kumshinda.

Nikamvua Tata shati, nikalitumbukiza kwenye karai la maji, nikamwaga sabuni ya unga ile ya harufu nzuri, nikafikicha kwa hasira. Nyanya ikatoka. Mafuta yakabaki, tena yakapanuka, doa likawa upana wa kisahani. Nikasimama pale bombani nikijiuliza mimi ni mtoto wa nani. Mtu aliyelelewa na Mama yangu hawezi kutia mafuta kwenye maji kwanza. Hilo nilijua kabla sijajua kusoma.

Kwetu tulilima tumbaku. Ambaye hajawahi kuchuma majani ya tumbaku hajui utomvu wake. Unashika mikono, unashika shingo, unakauka ukawa mweusi, na nguo ikiloa maji yanageuka rangi ya chai. Harufu nayo haiondoki. Ukidhani imekwisha, mvua ikinyesha kidogo inaamka.

Na Mama alikuwa Msabato. Kanisa letu na tumbaku haviketi pamoja, hata mkulima wake hawambatizi. Tata hakuwa amebatizwa, lakini kila Jumamosi alitembea na sisi hadi kanisani, akaketi kwenye benchi letu, Mama huku, mimi katikati, yeye pale. Kila mtu alijua tunalima nini, kwa sababu banda la kukaushia tumbaku halifichiki. Lakini kujua ni kitu kimoja na kunusa ni kingine. Mama hakutaka mtu anuse.

Sabuni ya mche ilimshinda. Sabuni ya unga ikamshinda. Aliyemwokoa ni dada yake, Mama Mkubwa wangu, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja hapa hapa Homa Bay, akikaanga samaki kutwa. Siku moja alikuja kututembelea na chupa ya soda imejaa kitu cha manjano kizito. Akasema hiyo ni sabuni ya kuoshea vyombo, na kama inatoa mafuta kwenye sufuria kwa nini isitoe kwenye aproni? Mama alicheka. Kisha akaijaribu kwenye shati la Tata na hakucheka tena.

Nguo ikiwa kavu. Hapo ndipo siri ilipo. Unadondosha matone juu ya doa, si mengi, maana ukizidisha utasuuza povu mpaka kesho. Unasugua polepole kwa kidole, unaacha kwa muda wa kuchambua kikombe cha mchele, ndipo unatia maji ya vuguvugu. Ukisuuza mara ya mwisho unakamulia ndimu kwa ajili ya harufu. Na usianike kabla hujaliangalia doa kwenye mwanga, kwa sababu jua likilikausha limehamia hapo na jamaa zake wote.

Kazi yangu ilikuwa kunusa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, Mama alinisogezea kwapa na kola. "Boke, nusa." Mimi nasema bado, anarudia. Nasema imetoka, anaanika. Nilijiona mtu muhimu sana.

Sasa nifike pale ninapozungukazunguka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu mkuu mpya alikuwa amehamia kwetu, na binti yake, msichana wa mjini mwenye soksi nyeupe zenye ua pembeni, akaja kuketi karibu nami kanisani. Karibu nami! Nilikuwa nimevimba kichwa. Njiani mvua ilikuwa imetunyeshea, na shati la Tata lililoa mgongoni. Alipoketi upande wangu wa pili harufu ikainuka, ile ile, kana kwamba Mama hakufua kitu.

Nikafunga pua kwa vidole viwili.

Si kwamba harufu ilinishinda. Nilizaliwa ndani yake. Nilifunga pua ili yule msichana aone kwamba mimi na harufu ile hatujuani. Nilimwonea haya baba yangu, na tumbaku yake ndiyo iliyokuwa imenunua viatu nilivyovaa. Nilipogeuka Tata alikuwa ananitazama. Hakukunja uso. Aliinuka taratibu kama mtu anayetoka nje kidogo, akaenda kuketi benchi la mwisho karibu na mlango.

Sabato iliyofuata akaenda huko moja kwa moja. Na iliyofuata. Sikumbuki tena Sabato aliyoketi nasi.

Mama hakuona vile vidole. Yeye alidhani sabuni imeacha kufanya kazi. Masikini, akaongeza. Akasugua mara mbili, mara tatu, akatuma watu kwa Mama Mkubwa wamletee chupa nyingine, akasugua mpaka mikono ya shati ikachanika nyuzi. Ananisogezea, "Boke, nusa." Nami nasema imetoka, Mama, imetoka kabisa. Ilikuwa kweli imetoka. Ananiuliza sasa mbona Tata haketi nasi, nami namwambia sijui.

Mama alifariki sijamwambia. Watu husema yaliyopita si ndwele. Mimi yangu yamekuwa ndwele miaka hii yote, na hasa siku za Ijumaa nikiwa na karai mbele yangu.

Basi leo. Nililikamua shati, nikalibana ndani ya taulo, nikalitundika kivulini mpaka likakaribia kukauka, huku nikiyatazama mawingu kwa jicho baya. Nilipolishusha nikajikuta nimelinusa kwapa na kola. Mazoea tu. Nikapata jasho la safari, moshi wa kuni na mafuta ya samaki. Tumbaku hakuna. Tata aling'oa tumbaku yote nilipomaliza chuo, sasa anapanda mahindi na kufuga ng'ombe wawili. Nililijua hilo, lakini pua yangu ilikuwa bado haijaambiwa. Nilinusa tena, nikaitafuta kabisa, na ilipokosekana nikaanza kulia kama mjinga.

Mume wangu akaja na chupa ya sabuni ya vyombo niliyomwagiza jikoni. "Sasa hapo unaosha shati ama unaosha sufuria?" Akaona uso wangu, akaweka chupa chini, akajiondoa. Ni mtu mwenye akili.

Tata ndiye aliyekuja na kigoda akaketi. Nilikuwa nataka kulichovya tena kidogo kwenye maji, mikono ikiwa na pupa.

"Weka kwa kavu," akasema. "Mama yako angekuchapa."

"Kwani Tata unajua mambo ya kufua?"

"Miaka yote ile nilikuwa kipofu? Macho yameanza kunisumbua juzi."

Nikadondosha sabuni. Nikasugua. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa chini na mikono ina kazi, nikasema. Nilimwuliza kama anaikumbuka Sabato ile ya mvua, nilipofunga pua.

Alimtazama kuku wake aliyekuwa akichakura karibu na bomba. Nilidhani hakunisikia.

"Ulikuwa na mafua," akasema.

"Sikuwa na mafua, Tata."

"Ulikuwa na mafua," akarudia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akituambia tulale.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Mama, maskini wa watu alimaliza mikono kwa kusugua. Akashangaa. "Nimwambie nini? Mtoto ana mafua? Angekupiga." Kisha akacheka kidogo peke yake. "Alimaliza mashati yangu, yule mama. Ningelikuwa na pesa ya mashati ningelisema."

Sikuweza kucheka. Nilimwambia nisamehe, nikaisema kwa Kikuria ili isipotee njiani. Alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha kidole kwenye doa. "Hapo bado kuna mafuta."

Kweli yalikuwepo. Nikaongeza tone moja, nikasubiri, nikatia maji ya vuguvugu. Doa limetoka. Nimeliinua shati kwenye mwanga mara tatu, mbele na nyuma, nikalikamulia ndimu ya mwisho iliyokuwa jikoni. Mvua haikunyesha, ilitutisha tu ikaenda zake upande wa Ndhiwa. Shati limekauka kila mahali ila kola, na hiyo nimeipiga pasi sasa hivi.

Nilipompelekea chumbani alilipapasa kwanza kifuani kwa vidole, kwa kuwa macho hayamwambii vizuri. Akaridhika. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi:

"Kesho, kanisani kwenu, nyuma kuna nafasi? Mimi nimezoea nyuma."

Nilimwambia nafasi ipo. Nikatoka.

Mimi ni wa kwaya. Sauti ya kwanza, mstari wa mbele kabisa, na kesho tuna wimbo ambao tumeufanyia mazoezi mwezi mzima. Nimekaa hapa kitandani nikiangalia dirisha linavyogeuka rangi. Dakika chache zilizopita nimemwandikia mwalimu wa kwaya kwamba kesho sitaimba. Amenijibu papo hapo, kwani yeye husema simu ni ya kushikwa mpaka jua liguse ziwa: "Boke, unaumwa?"

Nimemwambia siumwi. Kesho nakaa na baba yangu.