Kapiteni Amechukua Mfuniko Wetu

Jumanne. Mvua ya usiku imekatika, mawe meusi ya uwanjani yanatoa mvuke, na mlima umejificha wote. Nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo.

Maharage yamechelewa tena. Sufuria haina mfuniko, kwa hiyo binti yangu Furaha anaifunika kwa sahani ya bati na kuweka jiwe juu. Mfuniko uko kwa jeshi. Uko huko kwa sababu yangu.

Ninasema, Furaha anaandika kwenye simu, maana vidole vyangu havitulii tena. Daktari ameniambia moyo umechoka, na hakuzungusha maneno. Basi nami leo sizungushi.

Wanaosoma ukurasa huu watakumbuka kwamba niliandika hapahapa kuwa nimeona kitu angani. Ilikuwa asubuhi, anga imeoshwa na mvua, nimekaa kwenye kiti changu mbele ya nyumba nikitazama upande wa Kibati. Kitu cheupe, cha mviringo, kimesimama chini ya wingu bila sauti yoyote. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu. Wingu nalijua, nyota ya asubuhi naijua, na wekundu wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, niliuona kabla sijajua kusoma. Hakikuwa kimojawapo. Nilitafuta maneno, nikaandika kwamba kilikuwa kama mfuniko wa sufuria.

Mtu akayatuma maneno yangu kwenye kundi la WhatsApp la avenue yetu, mtaa mzima. Siku hizi kinachoelea juu ya vichwa vyetu kinaweza kuangusha bomu, kwa hiyo sikushangaa wanajeshi walipogonga lango. Nilishangazwa na maswali yao.

Kapiteni wao alikalia bidon, dumu la maji, mbele yangu.

— Muzee, ile kitu ilikuwa na matricule?

— Namba? Sikuona namba.

— Ilitoka wapi?

— Sikuona ikitoka.

— Ikaenda wapi?

— Haikuenda. Ilisimama tu. Kisha haikuwa tena.

— Muzee, bana! Kitu haiwezi kusimama juu bila mutu wa kuiongoza.

— Na mwezi?

Askari mmoja akacheka. Kapiteni akamkata jicho, kisha akaligeukia kundi la majirani lililojaa langoni, akauliza nani kwenye avenue hii ana kitu kinachoruka. Macho yote yalikwenda kwenye nyumba ya Dieumerci.

Dieumerci ni kijana anayepiga picha za harusi. Ana kile kidude chenye mapanga manne kinachopanda juu kuwapiga picha maharusi wakishuka garini. Wakamchukua yeye na kidude chake.

Mama yake hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alikuja kila siku, akaketi kwenye ngazi ya nyumba yangu, akajifunga kitenge vizuri, akatazama barabara. Jioni aliondoka. Kesho yake alirudi.

Kapiteni naye akarudi, na kidude cha Dieumerci ndani ya mfuko wa plastiki. Akakiweka juu ya meza.

— Njo hii uliona?

Nilipima majibu yangu. Nikisema ndiyo, kijana ni mpelelezi. Nikisema hapana, basi kuna kingine, na Dieumerci atabaki ndani hadi amtaje mwenye hicho kingine. Maisha yangu yote niliwaambia wanafunzi waandike walichokiona, si kile mwalimu anachotaka. Maneno mazuri sana. Hakuna mama wa mwanafunzi aliyekuwa ameketi kwenye ngazi wakati ninayasema.

Nikafuta neno moja tu. Nilifuta "kama".

— Kapiteni, ulikuwa mufuniko wa sufuria. Wetu. Ulikuwa umeanikwa ku ukuta, jua ikaupiga. Macho yangu ni ya zamani.

Kapiteni akamwita Furaha kutoka jikoni.

— Mama, mufuniko ilikuwa wapi ile asubuhi?

Furaha hakupepesa jicho.

— Ku ukuta. Njo pale ninaanikaka vyombo.

Akauleta. Furaha husugua vyombo kwa majivu hadi ujione sura. Kapiteni aliugeuza juani, ukamchoma macho, akaridhika. Akaufunga ndani ya mfuko uleule alimotoa kidude. "Pièce à conviction," akasema, yaani kielelezo cha ushahidi. Aliposimama aliniwekea mkono begani, kwa upole ulioniudhi kuliko maswali yote.

— Pumzika, papa. Na simu, wacha watoto waandike.

Dieumerci aliachiliwa. Amevuka mpaka, yuko Gisenyi kwa mjomba wake. Nilimpigia kuomba ruhusa kabla ya kuandika haya. "Andika, papa," alisema, "miye niko huku, harusi ziko huku pia." Na mimi wakija kunichukua, watabeba kikohozi na moyo uliochoka tu.

Kwa avenue nzima sasa mimi ni Papa Mfuniko. Watoto wanaimba wakipita. Mwalimu mwenzangu wa zamani, mtu wa vitabu, alikuja kunitembelea na kunishauri nipimwe macho, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Nimekunywa dharau hiyo kama dawa. Kijana yuko huru, nilijiambia, inatosha.

Haitoshi.

Hili ndilo ninalotaka kuungama kabla sijaondoka. Kudanganya hakunisumbui. Ningedanganya tena leo. Kinachonisumbua ni kwamba nimeanza kuuamini uongo wangu. Furaha alijibu haraka mno, bila kunitazama. Vyombo kweli huanikwa pale. Labda mfuniko ulikuwepo ukutani. Labda jua lilicheza na macho haya. Kila asubuhi nakitafuta kile kitu kichwani, nakuta mfuniko. Nitakufa bila kujua kama niliona au sikuona, na hilo linanikera kuliko kifo chenyewe.

Hapa Furaha ameacha kuandika. Nimemwambia aandike na haya pia.

— Papa.

— Nini tena?

— Ile asubuhi mufuniko haikuwa ku ukuta.

— Lakini ulimwambia kapiteni…

— Nilimwambia yenye ulikuwa unataka nimwambie. Mufuniko ilikuwa ku sufuria. Miye nilikuwa napika maharagi.

Wiki zote hizi nimemnunia kwa ushahidi wake, na yeye amenipikia bila mfuniko, akinyamaza.

— Sasa weye uliona? nimemwuliza.

— Sikuangalia juu, papa. Maharagi ilikuwa inamwagika.

Sijui kilikuwa nini. Hilo sikuwahi kulijua, na silihitaji. Lakini kilikuwepo, maana mfuniko ulikuwa kazini.

Furaha atapita sokoni kununua mwingine. Mimi, kukikucha na mlima ukijifunua, nitakaa tena kwenye kiti changu, nikiangalia upande wa Kibati. Nikikiona, nitasema nimekiona.

Sitasema kilikuwa kama nini.