Kitanda Kilichogoma Mlangoni

Binti yangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Shangazi yako bado anagombana na goti lake, na goti ndilo linaloshinda.

Kitanda cha mtoto kimekwisha. Nimekitengenezea chumbani kwako, karibu na cherehani ya mama yako, maana uani mvua haikunipa nafasi. Fito za ubavuni nimezipiga msasa mpaka shangazi alipozigusa kwa shavu alikosa hata kibanzi cha kulalamikia, na wewe unamjua.

Ulisema utatuma gari likichukue, wewe hutaweza kuja. Sikulaumu. Tangu tumzike mama yako, hata mimi huniwia vigumu kuingia nyumba hii.

Ila jana tulijaribu kukitoa, kikagoma mlangoni. Tukakilaza, tukakisimamisha, wapi. Kukifungua nako hakuwezekani, viungo vyote nimevitia gundi. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

"Fundi mzima, mlango umeuchonga kwa mikono yako, leo umesahau upana wake?"

Nikamwacha acheke.

Sikusahau, mwanangu. Kitanda kipo pale pale, kinamsubiri mwenyewe. Akizaliwa, mlete.

Baba yako