Salamu za Jumapili kwa Mayu

Bariadi, Jumatatu

Mpendwa kaka Mabula,

Mwangaluka. Natumaini wewe, wifi na watoto ni wazima huko Mwanza. Huku tunaendelea vizuri. Pamba imechanua, na mama anakula bila kubembelezwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu humwachii mtu nafasi. Utangazaji umekuharibu.

Uliniagiza nimuulize mama kama ataumia ukiacha kumsalimia redioni kila Jumapili, maana wakurugenzi wenzako wanasema mwenye magazeti mawili, redio na televisheni hafai kufungua kipindi kwa "Mwangaluka, mayu", kama mtoto anayemwamkia mama yake uani. Nilicheka. Hao hawakukujua ulipokuwa ukirudi kutoka Lamadi na magazeti yaliyofungiwa samaki, ukiwasomea watu mnadani. Palipochanika ulitunga mwenyewe, na watu walisema hapo ndipo patamu. Baadaye ukaanzisha gazeti lako la kurasa nne, ukalisambaza kwa baiskeli hadi Bukundi, ukirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alililalia chini ya mto, ingawa hajui kusoma. Najivunia wewe, kaka, hata nikikutania.

Ulipofungua redio, mama akaanza kukuitikia. Unajua salamu zetu hazina haraka: anakuuliza za wifi, za watoto, na za ng'ombe ambao huna. Nyumba nzima hunyamaza mpaka amalize.

Sasa kuna jambo alilonikataza nisikuambie, na leo navunja amri yake. Jumapili moja mwaka jana, binti yangu Violeth aligusa redio ikahamia kituo kingine. Mhubiri alikuwa akiwakaripia walevi kwa sauti kubwa. Mama, kiganja juu ya redio kama kawaida yake, akamwitikia mwangaluka, akamwita mwanangu, akamsihi apunguze kazi na ale ashibe. Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikaona yeye hacheki. Nikamwita kwa nyuma, hakugeuka.

Mama hasikii, kaka. Sisi anatusoma midomo. Redio ikitetemeka kiganjani, anajua upo. Alinionya kwamba Mabula akijua, atanyamaza, naye atabaki na sanduku tu.

Kwa hiyo swali lako sikumfikishia. Ukitaka, waachie vijana maikrofoni. Lakini uje mwenyewe, usitume gari lenye zawadi. Ukifika, uweke mkono wake kifuani pako, ndipo umsalimie. Useme polepole, na akiuliza za ng'ombe, mjibu.

Wifi na watoto wape salamu zetu nyingi. Waambie viazi vitamu vipo, waje na mikono ya kuvichimba, si ya kuvila tu. Mama ameniona naandika, ameuliza kama ni kwako. Nimeitikia kwa kichwa. Anasema nikuambie kwamba jana ulimsalimia vizuri sana.

Jana, kaka, hukuwa hewani. Walipiga muziki tu.

Mdogo wako akupendaye,
Felisita