Karatasi Niliyompa Madam

Al-Murabba, Riyadh,
14 Septemba 2014.

Mpendwa dada Serah,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Hamjambo huko nyumbani? Goti la mama linaendeleaje, na Mitchelle wangu, kile kikohozi kilimwisha? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umechoka. Barua hii inaletwa na Naftali, dereva wa hapa, aliyepewa likizo. Simu yangu madam ameichukua tena.

Najua mlinisubiri Agosti. Mkataba uliisha Juni, na madam aliahidi kwamba nikiwasindikiza Uingereza kuwaangalia watoto, tukirudi nitapewa karatasi ya kutoka. Nilikwenda kwa furaha, mjinga mimi.

Tulikaa wiki tatu katika mji wa pwani ambao jina lake halikunikaa mdomoni. Ufuo ni mawe matupu, upepo unakata masikio, na watu wamejilaza nje ati wanaota jua.

Siku moja ya mvua tuliingia makumbusho ya mji. Zamani, dada, madaktari waliwaambia matajiri kwamba maji ya bahari ni dawa, wakamiminika huko. Mabibi walivutwa na farasi hadi majini ndani ya vibanda vya magurudumu, wasionekane. Madam alivipenda. "Hawa walikuwa na heshima," akasema. Mimi niliwatazama pichani waliokuwa wakiwachovya mabibi hao: wanawake maskini, kutwa baharini, maji kifuani. Kwenye picha moja kuna jina la bibi, la mumewe, hata la mbwa. Mchovyaji ameandikwa "mtumishi".

Sasa sikia ujinga wangu. Tulipofika uwanja wa ndege kule, afisa aliniuliza natoka wapi, akanipa karatasi, akasema ni yangu. Serah, miaka miwili kila karatasi yenye jina langu, ikama yaani kibali cha kukaa hapa, pasipoti, hata cheti cha hospitali, hukaa kwa madam. Mkono ulijiendea wenyewe. Nilimpa kabla hajaomba.

Nimeiona juzi nikipanga masanduku. Imeandikwa Kiswahili, tena kizuri. Inasema pasipoti ni yangu kuishika, na nikizuiwa kwenda nyumbani nipige nambari fulani, bure. Wiki tatu nambari hiyo ilikuwa mkobani mwa madam, na mbeba mkoba ni mimi. Naftali alinijaribia kutoka hapa, haipatikani.

Nilipouliza habari ya safari yangu, madam alinijibu, "Halas, basi, Jerioth. Baba ameshatoa ikama mpya." Baba ni mumewe. Mwezi ujao napelekwa Ruwais, Jeddah, kumuuguza mama yake madam. Miaka miwili mingine. Ananibembeleza kwamba huko nako kuna bahari. Nina hasira mpaka chakula hakipiti, na nyingi ni ya kujichukia mwenyewe.

Nisalimie shemeji Onesmus na shangazi Priscilla. Mama mwambie tu nimeongeza mkataba. Mungu awafunike nyote mlio chini ya paa hilo.

Mitchelle nilimwacha na mwaka mmoja, nikirudi atakuwa na mitano. Akikuita mama, dada, usimsahihishe tena. Itika.

Mdogo wako anayekupenda,
Jerioth