Ufa kwenye Chasi ya Gari la Baba

Kayole, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Mutiso,

Pokea salamu zangu, ingawa najua hukuziomba. Wiki hii nimekupigia simu mara saba na mara saba umeiacha ilie, basi nimechukua karatasi. Natumai uko salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba Mama sasa anaweza kufika jikoni bila kushikilia ukuta. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Maji yanakuja kwenye ploti mara mbili kwa wiki, stima inapotea tukiwa katikati ya kazi, na macho yananiwasha kila asubuhi kwa ule moto wa kuchomelea. Lakini sikuandikii ili nikulilie. Nakuandikia kuhusu gari alilotuachia Baba.

Lilipofika hapa gereji juu ya lori mwezi uliopita, nililipokea kwa moyo mbaya. Nililitazama lile Landrova, pua imeinama upande wa kushoto kama ng'ombe anayekunywa maji, nikakutukana kimoyomoyo. Kisha nikakutukana kwa sauti. Niliwaambia wenzangu, "Hii ni kazi ya ndugu yangu. Amelibebesha mchanga wa mtoni mpaka likavunjika mgongo, na mama yetu akiwa ndani." Nilimwambia kila mtu, hata mama anayetuuzia chai.

Kwa hasira hiyo hiyo nikavua bodi, nikakwangua tope la miaka, tukaanza kunyoosha. Wewe ni dereva, unajua: chasi ikipinda hakuna kinachokaa sawa juu yake, hata mlango haufungi. Tuliifunga kwa minyororo kwenye nguzo za zege, tukaweka jeki ya lori, tukapasha chuma moto kidogo kidogo, tukawa tunasukuma na kupima kwa uzi. Ilituchukua siku nne. Chuma kilichopinda kina kiburi, ukikiharakisha kinarudi kule kule kilikotoka.

Siku ya tano nikachukua grainda ya kusagia chuma, nifuate ufa uliokata chasi. Njoroge, mnyoosha bodi mwenzangu, mtu wa Murang'a anayeishi Lucky Summer na ambaye mdomo haumtulii, akainama kando yangu.

"Kioko, cheki hapa. Kuna kiraka ya zamani. Nani aliweka hii kitu?"

Nikatazama. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na bamba la mraba lililochomelewa pande zote nne. Ufa ulikuwa umeandama ukingo wake, juu hadi chini, umenyooka kama uliokatwa kwa msumeno.

"Hii si mzigo," Njoroge akasema. "Hii ni fundi alikata. Msee alichoma wima, pale pale chasi inacheza. Huyo arudishwe class one, walai." Akacheka. Nami nikacheka, Mutiso. Nilicheka kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini kingine.

Kile kiraka ni changu.

Bila shaka unaikumbuka ile Krismasi, mimi nikiwa na mwaka mmoja tu wa kujifunza kazi. Baba aliona ufa mdogo, mwembamba kama unywele. Wewe ulisema gari lipelekwe Machakos kwa fundi mkubwa. Baba akakasirika: "Nina fundi niliyemzaa mwenyewe, nipeleke gari kwa watu?" Basi nikakodi mashine ya kuchomelea pale sokoni, nikakata bamba la mraba, nikalichomelea kuzunguka kote. Baba alilipaka rangi kwa mkono wake, na kanisani akawaambia watu mpaka nikaona haya.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba kiraka cha chasi hukatwa kwa ncha mbele na nyuma, ili mshono usipite wima. Ukichoma wima kutoka juu hadi chini, chuma cha kando kinakakamaa, na kila shimo la barabara linakichosha hapo hapo. Ni kama kushonea kiraka cha jinzi kwenye shati lililochakaa: kiraka kinabaki, shati linachanika pembeni. Jambo hili nilifundishwa miaka miwili baadaye, na nikawafundisha wengine, na hata siku moja sikulikumbuka gari la Baba. Kutojua ningejisamehe. Kujua nisikumbuke ndiko kunakonila.

Sasa nije kwenye ule mkutano wa familia baada ya ajali. Mama alikuwa hospitalini mguu umevunjika, gari lilikuwa bado limelala mtoni, mwendo wa dakika kumi kutoka tulipoketi. Mjomba Nzioka akaniuliza mbele ya watu wote, "Kioko, wewe ndiwe fundi. Ni nini kilichovunja gari?" Sikwenda kulitazama. Nilikuwa na viatu vya kanisani, na nilitaka kuwahi basi la jioni. Nikasimama nikasema chasi haikatiki yenyewe, ni mchanga wake huyu. Wewe ukasema mchanga uliubeba mara mbili tu, tena nusu mzigo. Nikakuita mwongo. Nikasema Mutiso asishike tena usukani wa gari la Baba, wala asimpeleke Mama popote. Wote wakaitikia, maana fundi amesema. Nasikia siku hizi unalimia watu matuta, na Mama akitaka kukuambia neno anawatuma watoto.

Mchanga uliubeba, na hilo sijakusamehe. Lilikuwa gari la kupeleka wagonjwa na wajawazito, Baba hakulinunulia mchanga. Lakini nusu mzigo haukuikata chasi ile. Niliikata mimi.

Na kuna jambo linanikosesha hamu ya kula. Siku ile ya kiraka ulikuwepo. Wewe ndiye uliyenishikia bamba kwa koleo. Mbona kwenye mkutano hukusema? Kama ulinyamaza ili kunisitiri mbele ya watu, umenitwika deni nisilojua pa kulianzia, na nakasirika ukinitendea wema wa namna hiyo bila ruhusa yangu. Kama ulisahau, basi tulisahau wawili akaadhibiwa mmoja.

Kipande kile nimekikata chote nikakitupa. Nimetoboa tundu mwisho wa kila ufa ili usitambae tena, nimeweka bamba jipya la ncha, ndani na nje. Jana nilimwambia Njoroge fundi wa kurudishwa class one ni nani. Safari hii hakucheka. Alisema tu, "Enda home ukaseme."

Basi nakuomba, Jumapili ijayo Mama na Mjomba wakiwa wameketi, isome barua hii kwa sauti, bila kuruka mahali. Mimi nilikushitaki mbele ya watu, nami nisomwe mbele ya watu. Msamaha sikuombi kwa karatasi.

Msalimie shemeji, aliyekaa na Mama wodini wakati mimi natafuta visingizio. Msalimie shangazi anayemkanda Mama mguu, na yule jirani wa ng'ambo ya mto aliyemtoa kwenye gari. Mwambie sijasahau mikono yake. Watoto waambie baba mdogo anawasalimu.

Gari nitalileta mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitafika nalo mpaka mtoni, hapo lilipoangukia, nitalizima na kushuka. Sitalivusha. Njoo na Mama, kama atakubali. Akikataa kupanda, na anikatae mimi, si wewe. Akipanda, shika usukani umvushe, nami nitawafuata kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako niliyekusingizia,

Kioko