Haragwe Lililoliwa Jicho

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tunapumua, ingawa nyumba bila Mama imekuwa kubwa ghafla. Najua inakuuma kwamba hukuwahi mazishi. Hakuna anayekulaumu, ondoa hilo moyoni.

Wageni walipokwisha kuondoka, Baba alinifuata kazini, kule maabara ya mbegu, akisindikizwa na jirani yetu fundi cherehani. Alileta maharagwe ya Mama, yale mekundu yenye madoa yaliyobaki juu ya kabati, akaniomba niyaoteshe. Nikamwambia yameliwa na fukusi. Akaniuliza kwani nalipwa kwa kuyatazama tu?

Nikayalaza kwenye karatasi yenye unyevu. Karibu yote yakaoza. Moja likapasua ganda. Unajua, ndani ya haragwe mna mmea mzima umejikunja, mdogo kuliko ukucha wa mtoto: ncha moja huwa mzizi, nyingine shina, na kileleni pana jicho ambalo hutoa majani. Letu lilishusha mzizi mzuri mweupe, likainua shina, lakini juu palikuwa patupu. Fukusi alikuwa amekula jicho lenyewe. Kazini mche wa namna hiyo tunauita kipara, na tunautupa. Baba akakataa katakata. Akasema kama mzizi bado unakunywa maji, nani kaniambia umekufa? Basi nikaupanda kwenye kopo, nikamwekea dirishani.

Kila nikirudi kutoka kazini aliniuliza kama umetoa kitu. Nilidhani ni majonzi tu, maana kopo lilikuwa mbele yake mchana kutwa.

Sasa, kwapani mwa vile vipande viwili vya haragwe, pale vinaposhikana na shina, huwa mna vijicho vingine vimelala. Vikimkosa mkubwa wao, huweza kuamka. Jumapili nikakuta vichipukizi viwili vyembamba, kijani kibichi. Nililia kama mtoto. Nikalichukua kopo, nikamwekea Baba mapajani, nikangoja aseme neno. Akainamisha uso, kisha akasema kwa upole, "Tusikate tamaa, mwanangu. Labda kesho."

Ndugu yangu, Baba haoni.

Nilipomshika mkono nikamuuliza, hakubisha. Na si jambo la juzi. Lilianza kabla Mama hajaugua. Mama ndiye aliyemchagulia shati, aliyemnong'oneza nani anaingia, aliyemsomea barua zako kwa sauti sisi tukidhani ni mapenzi ya uzeeni. Walikubaliana wasitusumbue. Daktari wa macho anasema tumechelewa, presha ya macho imeshaharibu mishipa. Baba alinisihi nisikuandikie. Hilo nimemkatalia.

Siku hizi anavigusa vile vichipukizi kwa ncha ya kidole, taratibu, ananieleza vilivyorefuka. Ni dhaifu. Sidhani vitazaa, wala sijamwambia.

Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanakuulizia. Baba anasema uvae vizuri, usidharau baridi ya huko. Fanya uje, hata kwa siku mbili. Na ukifika usisimame mlangoni kimya ukimngoja akutambue. Anza kuongea ukiwa bado nje, asilazimike kujifanya amekuona.

Ni mimi, dada yako akupendaye.