Kibuyu cha Kaagya

Mama Mugisha mpenzi,

Hamjambo huko Kishanda? Mumeo, mtu aliyefika Kampala na Nairobi, leo amefungiwa darasani hapa Kaagya kama mtoto wa darasa la pili. Jana bwana afya alitukataza kunywa pombe ya rubisi kwa kibuyu kimoja, kwa ajili ya kipindupindu. Nikamcheka: "Bwana mkubwa, kwetu Buhaya mgeni akikataa kibuyu ametukana nyumba!" Nikapiga funda refu baada ya mwenyeji wangu, Rwegasira. Alfajiri wakambeba kwa machela, macho yamezama. Sisi tuliokunywa naye tumewekwa hapa shuleni tuangaliwe. Utani umeniisha. Tumbo la mtu likinguruma, hata kwa njaa, wote tunamtazama. Langu limenguruma sasa hivi.

Nakujua, utataka kuniletea ndizi. Nakuomba usije, hata ukisikia nimezidiwa. Chemsha maji ya kunywa, na kaka yangu akija na kibuyu chake mwambie nimekataza mimi. Kadi hii nimeishika kwa mikono yangu, kwa hiyo ukimaliza kuisoma nawa kwa sabuni, ndipo uwapakate watoto.

Wako,
Baba Mugisha